Gurudumu la Mbele Kushoto

Shelui, jioni ya mwisho kabla hujaondoka

Mwanangu Salome,

Barua za watu wengine huanza kwa kuulizia hali. Hali yako naijua. Sasa hivi uko kwa shangazi yako ng'ambo ya barabara, unalazimishwa kula mara ya pili, na mama yako amekaa karibu na mlango anamwambia kila anayeingia kwamba mwanawe kesho anakwenda kuwa bwana mifugo. Hali yangu ni hii: nimekaa kwenye benchi la gereji, mlango nimeuacha wazi nipate mwanga uliobaki, naandika haraka kabla hamjarudi. Mwandiko utauvumilia. Unajua vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia havina habari na mimi tangu nilipoanguka, na kalamu inateleza kama sabuni.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wa huko uendako, mama yako amekwisha kuzisema tangu juzi, na asubuhi atazisema tena mpaka ushindwe kupanda. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile gurudumu la mbele kushoto la chura wako.

Afisa wako anaiita kwa jina lake la kizungu. Mimi nitaendelea kuiita chura, kama watoto wa hapa walivyoibatiza siku ile watafiti wa madini walipoziteremsha kwenye lori, pikipiki za magurudumu manne yaliyovimba, na watu wakaacha chai hotelini wakaja kushangaa. Wao wamekwisha kwenda zao, wameziacha, mradi wa mifugo umezirithi, na wewe umerithi moja. Ni chombo kizuri kwa mbuga ya Wembere, sikatai. Pale ambapo pikipiki ya kawaida inazama mpaka injini, chura anapita. Lakini chura anasimama kwa miguu yake ya mbele, na miguu hiyo inashikiliwa na vifundo vidogo ambavyo unaweza kuvifumba kwenye kiganja.

Ulipokuwa mdogo nilikufundisha kifundo hicho, boljointi, kwa kulishika goti lako. Nikakuambia, hapa ndani kuna kichwa cha mviringo, kimekaa kwenye kikombe, kina mafuta yake, na ngozi imekifunika vumbi lisiingie. Ngozi ikichanika, mchanga unaingia, kikombe kinalika, kichwa kinaanza kucheza. Siku kikichoka kabisa kinachomoka, na mguu unakunjika upande usiopaswa kukunjika. Ulilia ukasema hutaki magoti tena. Mama yako alinifokea kwa Kinyiramba, na akinifokea kwa Kinyiramba najua nimevuka mpaka.

Leo mchana nilikuita. Ulikuwa unafunga kasha la chanjo nyuma ya kiti. Nilikuwa nimekwisha kumpandisha chura kwa jeki, gurudumu linaning'inia. Nilikuwa nimelishika juu na chini nikalitikisa, mkono ukanyamaza. Nikalishika tena. Nilichosikia ni mpira wa tairi, basi. Mchezo wa boljointi inayoanza kuchoka jicho halikuoneshi, mama. Unausikia kwenye kiganja, kitu kidogo sana, kama jino la mtoto linapoanza kulegea. Ningemwita fundi mwingine hapa kituoni, lakini wale ni watu wa malori. Kwenye lori mchezo wa namna hiyo ni afya njema.

Ukaja na sare yako mpya ya kaki, ukachuchumaa, ukashika, ukatikisa. Ukasimama ukijifuta mikono.

"Haichezi, baba. Iko sawa kabisa."

"Una hakika, mama?"

"Iko sawa, baba. Wewe nawe kwa wasiwasi!"

Ukarudi kwenye kasha lako.

Salome, hukufunga macho.

Nilikufundisha mwenyewe, ukiwa unafika kimo cha tairi la pikapu ya usharika, kwamba jicho linapenda kuongea na mkono ukishindwa kusikia, kwa hiyo lifunge. Tangu siku ile sijakuona unatikisa gurudumu macho yakiwa wazi. Madereva walikuwa wanakucheka. "Fundi, mtoto anasali?" Nilikuwa nawajibu kwamba ndiyo, anawaombea ninyi. Hata ulipokuwa chuo cha mifugo, ukirudi likizo, ukinisaidia, ulikuwa unafumba macho na kuinamisha kichwa upande mmoja. Leo ulikuwa unatazama barabarani.

Sijui maana yake ni nini. Pengine umekuwa mtu mzima na mkono wako hauhitaji tena mbwembwe za baba yako. Pengine uliisikia, ukaona uso wangu, ukaamua kunipa jibu nililolitaka. Nilitaka kukuita tena nikashindwa, kwa sababu ukisema inacheza, mimi nina nini cha kukupa?

Unaijua desturi ya gereji hii. Mwenye chombo hapewi ufunguo kabla hajakabidhiwa kifaa chake kibovu mkononi. Watu walikwisha kudanganywa sana: fundi anakisugua kile cha zamani kwa dizeli mpaka king'ae, anakirudisha palepale, anasema nimekuwekea kipya. Kwa hiyo kila niliyemtengenezea chombo amebeba ubovu wake nyumbani akauangalie mwenyewe. Kuna mzee wa Ihanja aliyeifanya boljointi yake kuwa kizibo cha mlango wa kuku. Wewe kesho utaondoka mikono mitupu, na kwa kuwa umekulia hapa, unajua maana yake. Boljointi iliyoko pale ni ileile waliyoiacha watafiti. Sikuibadilisha.

Kwa afisa nilikwenda, hukuniona. Ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla sijavua kofia. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza:

"Mzee wangu, chombo kinatembea au hakitembei?"

"Kinatembea."

"Basi kiende. Spea tumeziomba. Zikija, tutamletea kulekule."

Nikasema labda mtoto asubiri mpaka zije. Akanionesha kwa kidevu watu waliokaa kwenye benchi la nje na bahasha zao mapajani, vijana waliosoma kama wewe, na wengine watu wazima waliopunguzwa kazini. "Mzee, asipoondoka kesho, mmoja wa hawa ataondoka." Hakusema kwa ubaya. Nadhani hata yeye anaogopa kupunguzwa. Nikamshukuru nikarudi nyumbani, na njiani nikanunua mkate wa kukufungia safari, kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Sasa nikueleze kwa nini siwezi kujiamini, maana utasema baba ni fundi, angeamua.

Utotoni mwako madukani hakukuwa na kitu. Grisi ilikuwa kwa kibali. Boljointi usingeiona hata ungekuwa na vibali vya nchi nzima. Pikapu ya usharika ilipolegea mbele, mchungaji alikuja hapa akakaa kwenye benchi hili hili nililokalia, akasema hana pengine pa kwenda. Nilikichomoa kile kifundo, nikakipasha moto kikombe chake kwa mkaa na mvukuto, nikagonga midomo ya kikombe pole pole mpaka ikakumbatia kichwa. Ndani nikaweka kipande cha ngozi ya ng'ombe nilichokilowesha kwenye mafuta. Ikatembea kiangazi chote. Watu wakasema fundi wa Shelui anafufua wafu. Nilizilewa sifa zile, Salome. Nilitembea hapa kituoni kifua mbele kama nimezaa mapacha.

Lakini hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nilikuja kulielewa baadaye sana, kwamba haukuwa ujuzi uliokuwa unaishika ile pikapu. Ilikuwa hofu yangu. Kila Jumamosi nilikuwa napanda kwa mchungaji, nalala chini ya gari na nguo zangu za nyumbani, nafungua, natazama, nafunga. Nilijua nimeweka uchafu mle ndani na nilikuwa nauhoji kila wiki. Uchafu ule haukupata nafasi ya kunidanganya.

Kisha biashara ikafunguliwa. Unakumbuka jinsi ilivyokuwa: kulikuwa na foleni ya sukari, tukageuka, mara barabara imejaa malori ya kwenda nchi jirani, mitumba imetandazwa mpaka mlangoni, na spea zinauzwa ndani ya maboksi yenye picha. Vijana waliokuja na magari yao walipoona mvukuto wangu walicheka. "Mzee, bado unafua majembe?" Niliona aibu. Niliuficha nyuma ya choo, na nadhani bado uko huko, kuku wanatagia. Nikawa mtu wa maboksi. Mteja akileta kitu kilichofungwa kwenye nailoni, nilikuwa nakipokea kama mgeni wa heshima, ambaye huwezi kumuuliza ametoka wapi na amefuata nini.

Ndivyo nilivyoipokea boljointi mpya ya chura mwingine, watafiti walipokuwa bado hapa. Ilikuja kwenye boksi la buluu, nzuri, inang'aa. Wewe uliliomba boksi lenyewe ukawekea chaki. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa mgumu kama ngozi iliyoanikwa, nikajiambia labda za kisasa ndivyo zilivyo. Pini yake ilipita kwenye tundu mpaka mwisho bila kubana, nikajiambia labda nati itaibana. Niliyaona yote mawili, mama. Mikono wakati ule ilikuwa mizima na iliniambia. Nikaifunga, nikaondoka kuijaribu mlima wa Sekenke, na kwenye kona ya kuteremka gurudumu likalala chini kama mbwa aliyeambiwa alale.

Mengine unayajua, uliniuguza. Ninapowasimulia watu nachekesha, nasema niliruka kuliko chura mwenyewe. Lakini hapo ndipo mkono wangu ulipofia, na sikuupoteza kwa kukosa ujuzi. Niliupoteza kwa sababu niliona aibu ya kukihoji kitu kipya.

Kwa hiyo uone nilivyokaa. Ya zamani iliwahi kunibeba, mpya iliwahi kunitupa, na hakuna kati ya hayo mawili linaloniambia kitu juu ya kesho. Nilidhani mtu akikosea sana mwishowe anajua. Mimi nimekosea pande zote mbili na bado sijui.

Jana Msengi, yule dereva wa lori niliyemwagiza, aliniletea mpya. Ndiyo, niliagiza, sikukuambia, nilitaka kukushangaza. Ina boksi jekundu. Safari hii sikulitazama boksi. Nilikaa nayo hapa. Boljointi nzuri ikiwa mpya ni nzito kuizungusha, na uzito wake ni mmoja pande zote, haina mahali inapolegea wala inapokwama. Mpira wake ukiubonyeza unarudi wenyewe. Hayo yote ni ya vidole, na vidole sina. Nikajaribu mkono wa kushoto, ambao tangu nizaliwe ulikuwa wa kushikilia taa. Mwishowe nikaiweka kwenye mdomo wa chini nikaizungusha pole pole, nikitafuta kusikia.

Mama yako akatokea na chai. Akasimama.

"Baba Salome, njaa gani hiyo?"

Nilimwambia napima. Akaweka chai, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwambie asiende." Nikamwambia, "Mwambie wewe." Kila mmoja alijua mwenzake hawezi.

Nilichosikia mdomoni ni hiki: inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, halafu mahali pamoja inakwaruza. Au ni masharubu yangu. Siwezi kuapa. Niliirudisha kwenye boksi jekundu na ipo juu ya kabati. Huenda ni nzima na nimekunyima kitu chema kwa woga. Huenda nimekuokoa. Nimekuachia ya zamani kwa sababu angalau ya zamani ilikuwa na mpira mzima nilipoifuta matope, na kwa sababu wewe ulisema haichezi.

Na mpira huo, nikukumbushe hili dogo kisha niache: matope meusi ya mbuga yakikauka juu yake yanaupasua. Ukifika mahali, kabla hujasalimiana na mtu, chukua kitambaa kibichi uufute. Watakuona huna adabu. Wasalimie wazee kwa heshima zote baada ya hapo, watasamehe.

Nikuambie pia nilichofanya mchana, wakati wa chakula. Nilitoa plagi ya chura nikaitia mfukoni. Nilikaa nayo mezani, nikala ugali na plagi mfukoni, inanichoma paja. Nilijiambia asubuhi atapiga, itakataa kuwaka, nitasema ah, injini hiyo, itachukua wiki. Ni jambo dogo sana kwa fundi. Halafu ulinyanyuka ukaenda kukifuta kiti, ukakifuta kwa kanga ya mama yako, ukiimba ule wimbo wa kwaya, na ukazunguka ukakipangusa hata pale ambapo hapaonekani. Nilipoona hivyo nikasubiri ukatawadhe miguu, nikairudisha plagi. Nimeikaza vizuri. Itawaka mara moja.

Naogopa, Salome. Ningekuwa na mkono wangu ningekuwa nimelala chini ya chura sasa hivi na wala nisingekuandikia. Fundi akianza kuandika barua ujue spana imemshinda. Sina mkono, sina spea ninayoiamini, sina neno la kumwambia afisa, na sina moyo wa kukuuliza mara ya pili, kwa kuwa ukinitazama usoni utanijibu kwa huruma.

Nawasikia mnavuka barabara, mama yako anacheka. Nimalize.

Barua hii sitakupa mkononi. Nikikupa, utaisoma hapahapa, utanikumbatia, utasema iko sawa, baba, na mimi nitakubali kama nilivyokubali mchana. Naikunja, naiweka kwenye kisanduku cha spana chini ya kiti, chini kabisa, chini ya jeki. Ataiona tu mtu aliyesimama kwa hiari yake akatoa jeki. Ukifika salama bila kusimama itabaki humo, italowa grisi, siku moja utaitupa ukidhani ni karatasi ya kufutia mikono, na mimi nitakuwa nimeaibika bure, jambo ambalo naliomba kwa Mungu.

Lakini kama unaisoma, basi umesimama. Pengine usukani umeanza kuvuta, pengine umesikia kitu kinagonga kwenye mashimo, pengine ni lile la mchana limekusumbua njia nzima. Sijui uko wapi. Hata ukiniita sitasikia. Ila angalau hapo ulipo hakuna baba wa kumtuliza, hakuna mama, hakuna afisa, hakuna watu wa bahasha. Uko wewe na gurudumu.

Likicheza, muache chura hapohapo. Mtwishe mtu kasha au jitwishe mwenyewe, tembea hadi boma la kwanza, wachanjie ng'ombe wao kabla chanjo haijaharibika, na afisa umwambie baba yako ndiye aliyekukataza. Kazi huenda ikaenda kwa mwingine. Utarudi hapa, tutakula ulichokiacha kwa shangazi yako, na sitajua la kukushauri siku hiyo pia. Lisipocheza, nenda mwanangu, na unicheke njia nzima.

Haya. Weka jeki chini ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu hilo la kushoto. Pandisha mpaka tairi liache udongo. Shika juu, shika chini.

Funga macho, mama.

Baba yako